Kamunye ya Mirihi: Shajara ya Kitabu cha Pili

9 Januari

Kitabu cha kwanza kimeshatoka kwa mchapaji wa Nasser Road, Kampala, na nakala zilizobaki ziko dukani kwa shemeji yangu hapa Bombo, katikati ya sabuni za mche na majani ya chai. Zinauzika polepole. Sabuni inauzika haraka zaidi, lakini sabuni haina kitabu cha pili. Mimi ninacho, na leo nimefungua faili lake.

Kwa anayeanza kufuatilia sasa: mfululizo unaitwa Kamunye ya Mirihi, vichekesho vya safari za anga, na chombo chenyewe ni kamunye, yaani taksi ya Kampala ya abiria 14, nyeupe yenye miraba ya bluu ubavuni, iliyofungwa roketi. Dereva ni Mzee Odongo, mstaafu wa jeshi upande wa mawasiliano. Kiswahili chake ni cha kambini, na haitiki ukimwita jina lolote zaidi ya Afande. Konda ni Kizito. Hajati Mastura, Mnubi wa hapa hapa Bombo, amepanda na jiko, kikaango na kuku wawili. Mwalimu Nambozo wa Mbale anafundisha hesabu na ndiye pekee anayejua wanakokwenda. Ssalongo anauza maharagwe soko la Owino. Kiti cha nyuma kabisa kuna abiria asiye na jina, ambaye tangu mwanzo wa kitabu cha kwanza anaomba kushuka.

Huyo wa kushuka ndiye aliyeniletea wasomaji. Kampala unasema tu "maaso awo", yaani hapo mbele, na taksi inasimama, hata kama ni katikati ya mzunguko wa magari. Ukiwa kwenye obiti, njia ya kuizunguka dunia, unakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kuuondoa mwendo huo wote kwa injini kunataka msukumo wa kiasi kile kile kilichokupa mwendo wenyewe. Afande hununua mafuta ya shilingi elfu kumi kumi. Basi jamaa yuko mle mpaka leo.

14 Januari

Juu ya meza nimebandika kanuni ya kitabu cha pili: hakuna injini ya miujiza. Hakuna kitufe cha kubonyeza ukajikuta upande wa pili wa Njia Nyeupe. Waandishi wengi wa vichekesho vya anga hutengeneza kifaa cha namna hiyo mapema, maana bila hicho wahusika hawafiki popote. Shida yao naielewa. Ila wakishafanya hivyo wametupa jambo linalochekesha kuliko yote huko juu, nalo ni umbali.

Nyota iliyo jirani kabisa baada ya Jua, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.24 kutoka hapa, na mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima. Voyager 1, chombo cha anga cha Wamarekani kilichoondoka mwaka 1977, inakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa namna hiyo ungeichukua zaidi ya miaka 70,000. Nilimsomea shemeji hesabu hizo jioni akiwa anafunga mauzo. Hakuinua kichwa. "Na muda wote huo konda kashika chenji ya watu?" akauliza. Sentensi hiyo imeingia kitabuni kama ilivyo, nimeitia kinywani mwa Ssalongo.

Kwa hiyo tunakwenda Mirihi tu, na hata Mirihi ni mbali.

2 Februari

Sura mbili za mwanzo zimekamilika, na zote mbili zinatokea ndani ya taksi isiyotembea.

Dunia na Mirihi hukaa mkao unaofaa kwa safari mara moja tu katika kila miezi 26 hivi. Ukiondoka wakati huo, kwa njia ile inayokula mafuta machache, unafika baada ya miezi minane na nusu. Ukichelewa, utafika mahali ambapo Mirihi imeshaondoka. Sasa ichukue sheria hiyo uipeleke Old Taxi Park, kituo cha taksi cha Kampala, ambako gari huondoka likijaa, si dakika moja kabla.

"Afande, tusipoondoka Jumanne, tutasubiri miezi ishirini na sita," Mwalimu Nambozo alisema.

"Viti vingapi vimebaki?"

"Kimoja."

"Basi tusubiri. Mtu mmoja ni nauli."

Hapo ndipo wanapoingia wale vijana. Kila anayepanda taksi Kampala anawajua: wanakaa ndani kama abiria ili gari lionekane limekaribia kujaa, kisha wanateremka mmoja mmoja kila anapopanda abiria wa kweli. Kwangu wamo wanne, na wamekaa mle kwa muda mrefu kiasi kwamba mmoja ameshaoa, kwenye kiti cha pili, msichana aliyekuja kuuza njugu dirishani. Arusi imefanyika hapo hapo. Kizito ametoza wageni wa harusi nauli ya kukaa.

Mwalimu Nambozo, akipiga hesabu ya uzito wa chombo, anawaingiza na hao wanne. Hajui. Jumanne inafika, injini inanguruma, vijana wanateremka kama kawaida yao, na chombo kinaondoka kikiwa chepesi kuliko hesabu. Injini inawaka kwa muda ule ule uliopangwa, mzigo umepungua, mwendo umezidi. Mkasa wote wa kitabu cha pili unatoka hapo: watu wanne wasiokuwapo wanaisukuma taksi pembeni ya njia yake. Sikuhitaji adui wala jini wa angani.

20 Februari

Mhariri wangu ameuliza kwa nini chombo, kikishatoka Old Taxi Park, kiende kurushwa kutoka Kayabwe na si kutoka bustani moja ya Entebbe, ambako kuna hoteli. Jibu: Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, mstari wa ikweta unapita, na kwenye ikweta ardhi yenyewe inakuzungusha kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Anayerusha roketi kuelekea mashariki anapewa mwendo huo bure. Afande hajawahi kukataa kitu cha bure.

Waitaliano waliijua siri hiyo zamani. Jukwaa lao la San Marco lilikuwa baharini karibu na Malindi, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake.

Lakini Malindi mashariki yake ni bahari, na kipande cha roketi kilichoishiwa mafuta kikianguka kinaanguka kwa samaki. Sisi mashariki yetu ni Kenya. Fuata ikweta kutoka Kayabwe: ziwa kwanza, halafu Maseno, halafu Nanyuki. Sura ya nne iliandikika kwa usiku mmoja.

"Hiki ni nini?" afisa wa forodha aliuliza.

"Kipande cha kwanza cha roketi, mkubwa."

"Kimeingia nchini kupitia wapi?"

"Juu."

"Juu hakuna geti. Kirudisheni Uganda, kisha kiingie kupitia Malaba kama vyuma chakavu vingine."

Mhariri, ambaye ni Mkenya, ameomba afisa awe na adabu kidogo. Nimemwongezea "tafadhali".

5 Machi

Mchoraji ameleta rasimu ya mafunzo ya wanaanga: Kizito ndani ya pipa la mafuta, anaviringishwa kuteremka kilima. Picha nzuri sana. Tumebishana juu yake mchana kutwa.

Pipa hilo lina historia. Mwaka 1964, Zambia ikipata uhuru, mwalimu mmoja aliyepigania uhuru huo, Edward Makuka Nkoloso, alitangaza kwamba Wazambia watafika mwezini kabla ya Wamarekani na Warusi. Alikuwa na wanafunzi wake, akiwamo msichana Matha Mwamba, alikuwa na paka, na aliwaviringisha wanafunzi ndani ya pipa ili wazoee kukosa uzito. Waandishi wa habari wa nje walikuja, wakapiga picha, wakacheka sana. Wamarekani nao walikuwa wanawazungusha wanaanga wao kwenye mashine kubwa mpaka wanatapika. Hao hawakuchekwa, kwa sababu mashine yao ilikuwa na bajeti. Na ukiyasoma aliyoyaandika Nkoloso mwenyewe, wapo wanaoona alikuwa anawadhihaki wakubwa wa dunia na mbio zao, akiwa amekaza uso. Mimi ni miongoni mwao.

Ndiyo maana picha hii imenisumbua. Sitaki kitabu ambacho kichekesho chake ni Mwafrika kuwa angani. Kichekesho hicho kimezeeka na hakikuwahi kuwa kizuri. Ninachotaka ni sheria za maumbile zinazotumika kwa kila mtu, zikikutana na watu ambao wana taratibu zao na hawana nia ya kuziacha. Kizito ni hodari wa kazi yake. Anga ndiyo haijawahi kuona konda.

Tumeafikiana hivi: pipa linabaki, lakini anayeviringishwa ni mwandishi wa habari wa kigeni aliyekuja kupiga picha, na Kizito amemtoza nauli.

Ramadhani

Naandika usiku baada ya tarawehe, kwa hiyo kurasa ni chache na zina harufu ya futari.

Sura hii ilikuwa inanisubiri. Kwenye obiti ya chini ya dunia, chombo kinamaliza mzunguko mmoja kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo jua linachomoza mara 16 kwa siku na kuzama mara 16. Hajati Mastura anafunga. Kizito ni Mkatoliki, ila amepiga hesabu.

"Hajati, magharibi kumi na sita kwa siku moja! Mwezi mzima unaisha keshokutwa!"

"Kizito mwanangu, tumbo lako ndilo linalozunguka dunia?"

Jambo hili lilishajadiliwa na watu wazima. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda Kituo cha Anga cha Kimataifa Oktoba 2007, Ramadhani ikiwa haijaisha, na kabla ya hapo wanazuoni na wanasayansi wa nchi yake walikaa pamoja wakaandaa mwongozo. Sala zinabaki tano katika saa 24, kwa saa za mahali aliporushiwa. Kibla kina ngazi: elekea Kaaba ukiweza, kama huwezi elekea usawa wake huko juu, kama huwezi elekea Dunia, na ukishindwa kabisa elekea popote. Msafiri naye ana ruhusa yake ya kulipa funga baadaye, hilo halihitaji roketi. Hajati anajua yote hayo. Amechagua kufunga kwa saa za Kayabwe, na anamwamuru Afande asigeuze gari akiwa katikati ya rakaa. Afande, aliyeamriwa na majenerali, anatii.

Shehe mmoja wa hapa amenisomea sura hiyo yote kabla sijaipeleka kwa mhariri. Alicheka kwenye tumbo la Kizito, akanirekebishia mstari mmoja wa dua, akaniuliza kama chapati za Hajati zinawezekana kweli.

Zinawezekana. Tena chapati ni chakula cha anga kuliko mkate. Mkate unamwaga makombo, na makombo yasiyo na uzito yanaelea mpaka kwenye macho na mitambo. Mwaka 1985 mwanaanga wa Mexico, Rodolfo Neri Vela, alipanda na totia, ambayo ni binamu wa chapati yetu, na tangu hapo wanaanga hawakuiacha. Kazi ni kuipika huko huko juu. Pasipo uzito, hewa ya moto haipandi, ndiyo maana mwali wa mshumaa unakuwa duara dogo la bluu. Mafuta hayatulii kikaangoni, na yai la roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ukilivunja linabaki tufe. Hajati ametatua kwa kumwamuru Afande aizungushe taksi nzima kama kisulisuli mpaka chapati ziive, kwa kuwa mzunguko unasukuma kila kitu nje na kikaango kinapata "chini" yake. Abiria wa nyuma alitapika. Roleksi zilikuwa nzuri, isipokuwa zilihitaji pilipili maradufu: huko juu maji ya mwili yanapanda kichwani, pua zinaziba, na ladha inafifia. Hilo nalo wanaanga wa kweli hulilalamikia.

Kuku wawili bado wako hai. Mwaka 1990 vifaranga wa kware walitotolewa kwenye kituo cha anga cha Mir na wakashindwa kujishikilia mahali pamoja ili wale. Kwa hiyo kuku wa Hajati wamefungwa mkanda. Ndio abiria pekee ndani ya taksi waliofunga mkanda.

18 Aprili

Mizani. Naona hii ndiyo sura bora niliyowahi kuandika, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu mhariri anataka kuikata.

Mvuto wa Mirihi ni asilimia 38 ya wa Dunia. Ssalongo amefika na magunia ya maharagwe na mizani mbili. Ya kwanza ni ya kuning'iniza, ya springi, yenye mshale. Ya pili ni ya sahani mbili na mawe yake. Hapa Bombo zote mbili zinasema kitu kimoja, labda uwe na jirani mwizi. Mirihi zinagombana. Ya springi inapima jinsi mzigo unavyovutwa, na Mirihi inavuta kidogo: kilo moja ya maharagwe inaonyesha gramu 380. Ya sahani inalinganisha maharagwe na jiwe, jiwe nalo limekuwa jepesi vile vile, kwa hiyo kilo inabaki kilo.

Siku ya kwanza Ssalongo anapima kwa springi, kwa mazoea. Mteja anataka kilo. Anamimina, mshale hausogei. Anamimina tena. Mpaka mshale unafika kwenye 1 ameshatoa zaidi ya kilo mbili na nusu, na mteja ameondoka anakimbia, ambapo kukimbia Mirihi ni kuruka. Usiku huo Mwalimu Nambozo anamchorea ukutani. Ssalongo anatazama mchoro kimya kwa ukurasa mzima. Asubuhi anafungua biashara ya pili: ananunua madini kwa wachimbaji kwa mizani ya springi, na anawauzia maharagwe kwa mizani ya mawe.

Mpaka mtu agundue, nusu ya sayari ina deni kwake. Kesi inapelekwa mbele ya afisa wa vipimo, na ushahidi wa Ssalongo ni mtamu kwangu kwa sababu hauna uongo ndani yake. Mizani zote ni nzima, hajagusa skrubu. "Mheshimiwa, kama kuna aliyepunja, ni sayari."

Mhariri anasema maelezo ya fizikia yamezidi kwa kitabu cha kuchekesha. Sikubaliani naye. Msomaji yeyote aliyewahi kununua nyama kwa kilo ameshaielewa fizikia hiyo, na anayepunjwa akishaelewa amepunjwa vipi ndipo anapocheka. Nimekubali kutoa aya moja tu, ile ya Afande kujipima na kukuta ana kilo 30. Imenihuzunisha. Alifurahi mno.

Hata hivyo nimefaidika kitu kutokana na mabishano. Mhariri aliuliza watu wanajipimaje wakiwa njiani, ambapo hakuna uzito kabisa na mizani zote mbili zimekufa. Kwenye kituo cha anga wanatumia kifaa chenye springi kinachomvuta mtu, na kutokana na jinsi anavyosogea kinajua ukubwa wa mwili wake, kwa kuwa kilicho kizito ni kigumu kusukuma hata kikiwa kinaelea. Kwa hiyo, wakiwa bado safarini, Ssalongo anauza maharagwe kwa kuyatikisa. Mteja anatikisa gunia, Ssalongo anatikisa gunia, wanabishana bei wakitikisika.

11 Mei

Sura ya simu, fupi. Ujumbe wa redio kutoka Mirihi hadi Dunia unachukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari zimekaaje, na hakuna anayeweza kuuharakisha kwa kuwa unakwenda kwa kasi ya nuru tayari. Kizito anataka kumtumia mama yake pesa kwa simu. Anaingiza namba, anaingiza kiasi, na mtandao unamwomba namba ya siri. Hadi ombi hilo limfikie na jibu lake lirudi, muda umekwisha. "Jaribu tena." Amejaribu tena mpaka kitabu kinaisha.

Kubipu nako kumekuwa fani. Unapiga, unakata hapo hapo, na dakika 20 baadaye simu ya mama inalia mara moja Masaka. Anapiga yeye. Nitaacha hapo, kwa sababu bibi huyo atakuwa na sura yake katika kitabu cha tatu.

13 Juni

Nimekaa siku nzima na habari za setilaiti yetu, PearlAfricaSat-1, nikitafuta namna ya kuiingiza bila kuifanya hotuba ya sikukuu. Wahandisi watatu wa Uganda waliitengeneza Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, kwenye mradi mmoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe. Ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ilikuwa iondoke Virginia, Marekani, tarehe 6 Novemba 2022, kengele ya moto ikalia kwenye jengo la waongozaji, watu wakatoka nje, safari ikaahirishwa. Kesho yake roketi ikaondoka, na bawa moja kati ya mawili ya sola ya chombo kilichoibeba likakataa kufunguka. Kikaendelea hivyo hivyo na bawa moja, kikafika Kituo cha Anga cha Kimataifa tarehe 9, na tarehe 2 Desemba setilaiti ikaachiwa angani kutoka chumba cha Wajapani cha Kibo.

Nimeisoma mara kadhaa na sina cha kuongeza. Mwandishi wa vichekesho anajua pale ambapo mambo ya kweli yamemzidi. Nimeweka tu Afande akipishana na kimchemraba hicho. Anapunguza mwendo, anapiga saluti, kisha anamwambia Kizito kwa sauti ya chini akiulize kama kina nafasi ya mzigo.

8 Julai

Jana ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na nilialikwa kusoma mbele ya watoto wa shule moja ya hapa karibu. Tangu baraza la mawaziri lipitishe Kiswahili kiwe somo la lazima, Julai 2022, mwaliko wa namna hii umekuwa rahisi kuupata kuliko mwalimu wa kukifundisha. Watoto wengine walifuata kwa shida, wale wa kambini na wa Kinubi wakawatafsiria, na tafsiri zao zilikuwa na vichekesho ambavyo mimi sikuviandika.

Niliwasomea mizani. Walisikiliza kwa heshima. Niliwasomea kuku waliofungwa mkanda, wakaanguka chini kwa kucheka. Nimelazimika kukiri kwamba kuku wana nguvu kuliko Ssalongo, na nimeshawaongezea sura.

Halafu msichana mmoja wa mbele akainua mkono, akauliza swali ambalo taksi yangu imelikwepa kwa kitabu kizima na nusu: "Wakitaka kujisaidia?" Walimu wakatazama dari. Nikawaambia ukweli. Mei 1969, wanaanga wa Apollo 10 wakiwa kwenye safari ya mwezini, kipande cha kinyesi kilionekana kinaelea ndani ya chombo, kila mmoja akasema si chake, na maongezi hayo yamo kwenye kumbukumbu rasmi. Nikawaambia pia kwamba kwenye kituo cha anga mkojo, jasho na mvuke wa pumzi vinasafishwa kuwa maji ya kunywa, na mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza mtambo wao umefika asilimia 98. Sijapata kuona ukumbi ukipiga kelele vile.

Sura mpya imeshaanza. Inafunguka na Ssalongo akisifu chai ya Hajati, akimwomba kikombe cha pili, kisha akimwuliza maji ameyatoa wapi.

22 Agosti

Rasimu iko hivi. Sura za kuondoka, Malaba, Ramadhani, simu na mizani zimepita kwa mhariri. Sura ya choo iko kwa mhariri, na hajajibu. Mchoraji amemaliza jalada: taksi juu ya vumbi jekundu, mlango wazi, Kizito nusu nje. Bei ya karatasi imepanda tena, kwa hiyo huenda michoro ya ndani ikawa michache kuliko tulivyoahidiana, na hilo bado hatujalizungumza vizuri.

Iliyobaki ni kutua, na ni ngumu kweli. Hewa ya Mirihi haifiki hata mkandamizo wa asilimia 1 ya yetu. Inatosha kukuunguza ukiingia kwa kasi, haitoshi kukupunguza mwendo kwa parachuti peke yake. Mwaka 2012 Wamarekani waliishusha Curiosity kwa kamba kutoka kwenye mtambo uliokuwa unaelea juu kwa roketi. Waliotazama walidhani ni wazimu, na ikafika salama. Afande ana kamba moja, ile ya kufungia magodoro juu ya paa. Ana konda aliyezoea kuning'inia mlangoni. Na chombo chake kinakuja kwa mwendo uliozidi, kwa sababu ya wale vijana wanne walioteremka Old Taxi Park.

Mpango wangu ni Kizito ashushwe kwanza na kamba, ashike ardhi, aite taksi irudi nyuma: "Njoo, njoo, njoo, simama." Nimepiga hesabu ya uzito ambao kamba itabeba kwenye mvuto wa Mirihi, na mwalimu mmoja wa fizikia wa Luweero amekubali kuipitia. Akishairudisha naandika.